Hyrax Hill: Kale kakilima unapita kila siku hapo Nakuru na hujawahi panda

Kama wewe ni msee wa Nax, umepiga picha Menengai, na lake umeenda mara kibao kutafuta flamingo. Lakini kuna kilima kingine hapo tu, kama kilomita nne kutoka tao ukielekea Nairobi, na mbogi yako yote hukipita ikiangalia simu. Kinaitwa Hyrax Hill. Jina limetoka kwa pimbi, wale wanyama wadogo walikuwa wanajificha kwenye nyufa za mawe.

Kulitokea nini hapo?

Louis Leakey alikinotisi 1926. Aliyekuja kuchimba ni mkewe, Mary Leakey, mwaka 1937 na 1938. Cheki hii: Mary alikuwa na miaka 24 tu akianza, na hakuwa na digrii yoyote. Sisi tulioacha college tumepata mtu wetu. Kilima kikafanywa mnara wa kitaifa 1943, na 1965 nyumba ya zamani ya shamba ikageuzwa makumbusho.

Utaona nini?

Anza na makumbusho, ni ndogo lakini itakusaidia kuelewa vitu za huko nje. Kisha panda.

Kuna makaburi ya wafugaji walioishi hapa kama miaka elfu tatu iliyopita. Wanawake walizikwa na vyombo vya mawe, wanaume hawakuwekewa. Kwa nini? Jaza mwenyewe.

Halafu kuna mashimo ya Wasirikwa, waliokuja karne nyingi baadaye. Ukiyaona utadhani ni mahali tingatinga lilichota mchanga. Hata wataalamu walidhani ni nyumba za chini ya ardhi. Baadaye ikajulikana ni boma za ng'ombe: unachimba kwa mteremko, unazungusha ua, nyumba yako inakaa kando, na usiku mifugo haiibiwi kirahisi.

Huko juu kuna ukuta wa mawe wa ngome. Simama hapo uangalie Ziwa Nakuru. Miaka kama elfu tisa iliyopita ziwa hilo lilikuwa limeungana na Elmenteita, na maji yalifika mpaka kwa hiki kilima. Kwa hivyo ukisikia lake imepanda ikafunika geti ya park, jua si mara ya kwanza inatafuta nafasi yake.

Usiondoke bila kuona bao lililochongwa kwa mwamba. Wajaluo huliita ajua, Wakikuyu giuthi, Wamaasai enkeshui. Mchezo ni ule ule.

Kufika na kujipanga

Panda mathree ya kuelekea Lanet au Gilgil, umwambie makanga akushushe Hyrax Hill, kisha utembee kidogo. Mahali pako chini ya Makumbusho ya Taifa, na Mkenya hulipa kidogo kuliko mtalii. Cheki bei kabla ya kutoka hao, na uwe na kitu kwa M-Pesa. Nenda asubuhi kabla jua halijawaka. Vaa raba, beba maji, na uombe guide akuzungushe, juu bila yeye utaona tu mawe na nyasi. Ukipata kipande cha jiwe jeusi kinang'aa kama chupa, kiache hapo hapo. Si souvenir.

Ukibaki na nguvu, unganisha na Menengai mchana, ama siku ingine uende Kariandusi karibu na Gilgil, uone mashoka ya mawe ya zamani zaidi.

Kwa nini ujisumbue?

Nakuru ilifanywa jiji Desemba 2021, na kila mtu hapa anasema ako na mizizi. Lakini wengi wetu tulikuwa wadogo Januari 2008, mtaa zikiwaka, watu wakiulizana nani mwenyeji na nani arudi kwao. Panda hiki kilima uulize swali hilo hilo. Wafugaji wa kwanza walienda. Wasirikwa wakaja, nao wakaenda. Hata hilo jina Nakuru ni la Kimaasai. Kila aliyefika alikuta mtu ashalisha ng'ombe hapo, na akaishi.

Wikendi hii, kabla upost picha ingine ya Menengai, shuka hapo kwa highway. Enda na rafiki wa kabila ingine, mcheze bao.