Kilomita Moja ya Busia

Binti wa shangazi yangu aliporudi kutoka Uskoti alinionyesha picha za Edinburgh mpaka simu ikazima. Kule kuna barabara iitwayo Royal Mile, inateremka kutoka ngomeni hadi ikulu ya Holyrood, na kila kichochoro kina mtu wa kukusimulia nani alinyongwa hapa na nani alizikwa pale. Hata mbwa anayesemekana kulinda kaburi la bwana wake ana sanamu tangu 1873. Watalii wameisugua pua yake mpaka inang'aa. "Sasa kaka," akaniuliza, "hapa kwetu Busia utanitembeza wapi?"

Nikajibu kama anavyojibu kila mtu: Kakapel. Si jibu baya. Pango lile la vilima vya Chelelemuk, upande wa Malaba, lina michoro ya kale ya ng'ombe na maumbo ya duara, na mwaka 2024 watafiti walitangaza kunde iliyochimbwa hapo, yenye umri wa miaka 2,300 hivi. Lakini Kakapel ni mwendo wa gari, na waliochora walishaondoka. Mji wenyewe je? Niliona haya kwamba nimezaliwa hapa na sina pa kumpeleka mgeni.

Asili ya mji huu wa mpakani inajulikana, nitaipitia mbio. Joseph Thomson, Mskoti aliyesoma chuo kikuu cha Edinburgh, alifika ziwani kupitia nchi hizi Desemba 1883. Wasamia walikuwa wakifua majembe ya chuma kabla hajazaliwa. Miaka ya 1890 Kapteni Sclater alileta barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Kibwezi. Mpaka haukuwapo: Uganda ilienea hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza wakaihamishia nchi iliyokuja kuitwa Kenya sehemu hiyo yote, na mtu aliyelala Uganda akaamka kwingine bila kubeba hata mkeka.

Ninachotaka kukitetea ni kile kipande cha barabara kati ya geti la Kenya na geti la Uganda, ambacho masimulizi hukikadiria kuwa kama kilomita moja. Hapo ndipo, miaka ya 1960, vijana wenye baiskeli walipoanza kuwaita abiria: "Boda! Boda!" Leo neno hilo liko Kampala, Dar es Salaam na Juba, limepanda pikipiki na kusahau kwao.

Malaba nao hulidai. Nina ndugu huko na tumeshabishana hadi chai ikapoa. Malaba ilikuwa na daraja lake na reli iliyofika Kampala mwaka 1931, na baadaye malori. Mkate wake ulitoka kwenye injini. Nadhani sauti ile waliisikia kwetu wakaiga. Wengine huandika kwamba ni ya Busia ya Uganda, si ya Kenya. Hao nawashangaa zaidi. Baiskeli iliyobeba mtu kutoka geti hadi geti utaigawaje?

Ila kosa kubwa la masimulizi ya asili ya boda ni kutaja umbali peke yake kama sababu. Mama anayetembea saa mbili kwenda sokoni na kikapu kichwani hashindwi na kilomita moja. Kilichomshinda kilikuwa karatasi. Gari likivuka lilidaiwa hati, muhuri na maswali, baiskeli ilipita. Lile keria lililofungwa sponji na kushonewa kitambaa lilikuwa jibu kwa meza ya forodha.

Ukitaka ushahidi, waangalie walemavu wa Busia. Wamefanya biashara ya kuvusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuzungushwa kwa mikono, maana maofisa walisita kuwasumbua. Nimemwona mmoja amekaa juu ya shehena iliyofika mabegani, mikono ikizungusha, kijana anasukuma nyuma, na mnyororo unalia kila mzunguko. Hakuna jumba la makumbusho lenye kitu kama kile.

Yaliyofuata ni ya juzi. Amin wa Uganda alidai magharibi ya Kenya mwaka 1976, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa 1977, magendo yakanona. Desemba 1987 majeshi yakarushiana risasi papa hapa na mpaka ukafungwa. Februari 2018 marais Kenyatta na Museveni wakazindua kituo cha pamoja, ambako msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Safi sana, sina ugomvi nacho. Ila kilomita yetu imemezwa na maegesho, na hakuna aliyeweka hata kibao.

Basi nilimtafutia dada yangu mzee mmoja ambaye bado ana baiskeli yake, Black Mamba nyeusi iliyopauka. Akampakia, mimi nikafuata kwa miguu. Njiani alikuwa akisimama na kuonyesha kwa kidevu: geti lilikuwa pale penye mwuza chapati, askari mkali alikaa chini ya mti ambao haupo, pale ndipo baiskeli yake ya kwanza ilipokamatwa ikiwa na sukari. Dada akasahau kupiga picha.

Alipomshusha alitaka hamsini. Dada akauliza, hamsini ya wapi?

"Ya Kenya, mama. Ya Uganda nitanunua nini nayo?"