Pafyumu Bila Nyuki: Kina Mama wa Mawese wa Ujiji Ambao Hakuna Aliyeandika Majina Yao

Wiki mbili zilizopita niliweka hapa picha za vikopo vyangu vya pafyumu ya kupaka, ile ngumu, unasugua kidole halafu unapitisha nyuma ya sikio na kwenye mapigo ya mkono. Komenti zilikuwa nyingi, asanteni sana. Ila kuna moja ilinikaa kichwani. Dada mmoja anayeishi nje, sitamtaja, aliuliza kama ina nta ya nyuki. Nikamjibu kwa kujidai kabisa, ndiyo dada, nta safi ya Kibondo hiyo. Akaandika: "Basi siwezi kuitumia, mimi ni vegani."

Kwa msiojua, vegani ni mtu asiyekula wala kutumia chochote kinachotokana na mnyama. Nyama hapana, maziwa hapana, asali hapana, kumbe na nta pia hapana. Hoja yao ni kwamba nta nyuki haiokoti mahali, anaitoa mwilini mwake, vijipande vyembamba chini ya tumbo, na inakadiriwa nyuki hula kilo sita hadi nane za asali ndipo ipatikane kilo moja ya nta. Halafu sisi tunakwenda usiku na moto tunawachoma. Mimi sio vegani jamani, dagaa siwaachi, lakini hoja nimeielewa.

Jioni nikaenda Ujiji kwa mama mdogo, yeye anapika sabuni miaka mingi. Nikamsimulia. Akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa huyo nyuki mnamgombania wa nini? Kwani mise imeisha Kigoma?"

Hilo swali ndilo limenifanya niandike leo.

Kwanza tuelewane pafyumu ngumu ni nini. Ni mafuta, harufu, na kitu cha kugandisha, basi. Harufu inakaa ndani ya mafuta, na kile kigandishi kinayashika mafuta yasimwagike. Nta inapendwa kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 65 hivi, na jua la Kigoma hata likikasirika vipi halifiki huko. Kikopo kinakaa kwenye pochi mwezi mzima na bado ni kigumu.

Tena huku kwetu nta ina historia yake. Misitu ya miombo kuanzia Tabora, Mpanda mpaka Kibondo na Kakonko imejaa mizinga, na wakati wa Mjerumani nta ilikuwa moja ya bidhaa zilizopelekwa Ulaya kutoka koloni hili. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, mzigo wa bara ukapata njia rahisi ya kushuka pwani. Kwa hiyo ukimwambia mtu "kitu cha asili cha kugandishia", anawaza nta moja kwa moja. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo.

Sasa rudi nyuma kabla ya reli. Februari 1858 Wazungu wawili, Burton na Speke, wanafika Ujiji hoi, mmoja hawezi kutembea vizuri, mwingine macho hayaoni vizuri. Burton akaandika kitabu kilichotoka 1860, na ndani yake anataja mawese kwa jina letu hili hili, tahajia tu ndiyo yake. Anasema ni bidhaa inayouzwa sana kandokando ya ziwa, na anaufananisha uzito wake na asali. Miaka 13 baadaye, 1871, anakuja Stanley kumtafuta Livingstone. Hiyo habari ya chini ya mwembe mnaijua wote, shuleni tumeimbishwa. Lakini Stanley alielezea pia soko la Ujiji. Anawataja wauza dagaa, wauza chumvi ya Uvinza, wauza pembe za ndovu, wenye mitumbwi, wabadilisha shanga. Na katikati yao wauza mawese wa Ujiji na wa Urundi, wamekaa na vyungu vikubwa vya kama lita ishirini, mafuta mekundu, mazito kama siagi.

Umeona? Mmoja anasema asali, mwingine anasema siagi. Wageni wawili wanatafuta mfano wa mafuta ya mti, mmoja anakwenda kwa nyuki, mwingine kwa ng'ombe! Mimi nilicheka peke yangu usiku.

Na hakuna anayedanganya hapo. Mtu yeyote aliyekulia Kigoma anajua dumu la mawese likikaa kimya siku kadhaa linajigawa. Juu yanakaa mekundu yanayomiminika, chini inajikusanya sehemu nzito yenye rangi ya njano, ile unayoichota kwa kijiko. Ndani ya mawese kuna mafuta ya aina mbili yanayoishi pamoja, moja linabaki majimaji kwenye joto letu, lingine linaganda. Ukichota juu umepata asali ya Burton, ukichota chini umepata siagi ya Stanley. Kiwandani wanatenganisha kwa mashine na kuuza ile ngumu kwa bei nyingine, na huyeyuka kwenye nyuzi 44 na kuendelea. Mama mdogo anatenganisha kwa kitambaa cha kanga ya zamani na subira.

Mle kwenye kitabu cha Stanley hakuna jina hata moja la wale waliokaa na vyungu. Livingstone ana jiwe lake la kumbukumbu na makumbusho pale Ujiji, Burton na Speke wana lao, mwembe nao una kibao. Aliyejua chungu gani kimegandishwa vizuri na kipi kimechanganywa na maji, huyo hana hata herufi. Sisemi wale wengine waondolewe, watalii wanakuja na sisi tunakula. Ila kazi yenyewe ya mawese si ndogo. Unapanda mchikichi unakata mkungu, unaupiga zile chikichi zitoke, unachemsha, unatwanga au unazungusha kwenye pipa, unakamua, unachemsha tena ili kutoa maji. Halafu kokwa zilizobaki unazikausha na kuzipasua moja moja kwa jiwe upate mise, na mise nayo unaikamua mafuta. Ukipita vijijini ukisikia ko, ko, ko mchana kutwa, ndiyo hiyo. Wengi wanaopasua ni kina mama na watoto, na ndiyo hela yao ya daftari.

Mafuta ya mise ndiyo yaliyokuwa kwenye swali la mama mdogo. Hayo ni tofauti na mawese. Ukikaanga mise kabla ya kukamua yanatoka meusi yenye harufu ya moshi, mazuri kwa nywele na kwa watoto wachanga. Ukikamua bila kukaanga yanatoka meupe, na asubuhi yenye baridi unayakuta yameganda kama mafuta ya nazi. Shida ni kwamba yakifika nyuzi 28 hivi yameshalegea, yaani saa tano asubuhi Kigoma ni uji.

Hilo la kuweka harufu ndani ya mafuta nalo si la mtandaoni. Pwani wanawake walitia asumini kwenye mafuta ya nazi toka zamani. Kule Grasse, mji wa pafyumu Ufaransa, walikuwa wanatandaza maua juu ya shahamu ya ng'ombe na nguruwe ili shahamu inyonye harufu (vegani asisikie hiyo). Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani, kwa hiyo udi, sandali na karafuu vilikuwa vinajulikana, na mafuta ya kutia yalikuwa yako vyunguni. Mama mdogo anasema bibi yake alikuwa anasaga udi na karafuu, anaviloweka kwenye mise nyeupe siku nyingi, anachuja, halafu anachanganya na ule mgando wa chini ya mawese ili lisimwagike. Bibi harusi anapakwa kabla ya kuvaa. Nguo ya ndani ilikuwa kanga ya rangi ya chungwa makusudi, kwa sababu mawese yanatia doa na halitoki. Hakuna nta humo. Na hakuna aliyekuwa anajiita vegani.

Kitu kingine kilichonishangaza ni London. Miaka ileile ya karne ya 19, kampuni ya mishumaa ya Price's ilikuwa inatengeneza mishumaa kwa mawese ya Afrika Magharibi badala ya nta na shahamu. Mkemia mmoja Mfaransa, Chevreul, alikuwa ameshagundua namna ya kutoa kwenye mafuta ile sehemu inayoganda, leo tunaiita asidi ya steariki, inayeyuka karibu nyuzi 69. Kwa hiyo mchikichi ulishamwondoa nyuki kazini zamani, na viwanda vikaandikwa kwenye historia. Mgando wa Ujiji ukabaki kuwa mambo ya jikoni.

Haya, turudi kwa dada yetu. Ukitafuta mtandaoni kigandishi kisicho cha nyuki utaambiwa kandelila, nta ya kichaka cha jangwa la kaskazini mwa Meksiko, au kanauba, inayotoka kwenye majani ya mnazi fulani wa kaskazini mashariki mwa Brazil. Ni nzuri, sikatai. Kandelila ni ngumu kuliko nta ya nyuki, kwa hiyo unatumia karibu nusu yake. Kanauba ngumu zaidi, inataka nyuzi zaidi ya 80, ukizidisha kidogo tu pafyumu inakuwa kama chaki. Niliagiza kipande kidogo cha kandelila. Nauli yake ilizidi bei yake, na nikakaa nasubiri huku mise inauzwa mtaa wa pili.

Nikaanza majaribio. Mise nyeupe na mgando wa mawese peke yake, asubuhi safi, saa nane mchana dirishani imekuwa supu. Kwa bibi harusi wa zamani haikuwa tatizo, unapaka nyumbani jioni. Kwa kikopo cha kwenye pochi na bodaboda, ni tatizo kubwa. Nikaongeza asidi ya steariki, kama sehemu moja kwa tano za mafuta. Ikasimama! Ila ikawa na vichembe vyeupe kama chumvi juu. Mara ya tatu nikapunguza ikawa moja kwa sita, nikaacha ipoe taratibu bila kuiweka kwenye maji baridi, harufu nikatia mwishoni kabisa moto ukiwa umeshapungua ili isiruke. Imekaa dirishani siku nne sasa. Haijalingana na ya nta kwa ulaini, nasema ukweli, inakwaruza kidogo mpaka kidole kiipashe. Na mukinunua asidi ya steariki muulizeni muuzaji imetoka wapi, kwa sababu nyingine inatokana na shahamu ya ng'ombe, utakuwa umemkimbia nyuki ukaangukia zizini.

Kwa wateja wangu wa Ujiji, wala hawajali habari za nyuki. Wao wanauliza kama ina pombe, maana pafyumu nyingi za kupuliza zina alkoholi na wengine hawataki kuswali nayo. Hii haina. Kumbe kikopo kimoja kinajibu maswali ya watu wawili tofauti kabisa.

Nikamtumia yule dada picha. Unajua alinijibu nini? "Mawese hapana pia, yanamaliza misitu." Nikakaa kimya kwanza, kidogo nikasirike. Halafu nikamwandikia kirefu. Huko Indonesia ni kweli misitu imekatwa kupanda michikichi, na wale sokwe wekundu wanaoitwa orangutani wanakosa pa kuishi. Hata huku milima inayozunguka Gombe ilikatwa sana, kwa kuni na mashamba ya kila aina. Lakini michikichi mingi ya Kigoma ni ya wakulima wadogo, mingine imeota yenyewe kando ya mto au nyuma ya nyumba ya mtu, mti umeachwa na babu. Na sokwe wetu wa Gombe wanakula chikichi wenyewe, watafiti wameandika hilo toka zamani, wakati wenzao wa Mahale hawazigusi ingawa miti ipo. Hata sokwe wana mila!

Ila hoja yake siitupi. Toka 2018 serikali imeanzisha kampeni kubwa ya michikichi hapa, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha miche ya Tenera, yenye kokwa jembamba na nyama nyingi kuliko Dura yetu ya zamani. Mafuta yatakuwa mengi na hilo ni jema, nchi inaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Lakini kila shamba jipya linawekwa mahali fulani, na mahali hapo palikuwa na kitu. Halafu mama mdogo ana wasiwasi wake mwingine: kokwa ikiwa nyembamba na mise inakuwa ndogo. Mawese yakiongezeka yeye atapasua nini?

Dada hajajibu mpaka leo. Vikopo vya mise vipo kumi na viwili, vya udi na karafuu, na vya nta navyo vinaendelea kwa wanaovipenda.

Kitu kimoja nawaomba wadau wa Ujiji, Kalinzi, Mwamgongo, Simbo na hata Rumonge ng'ambo ya mpaka. Mama mdogo anasema bibi yake alikuwa na jina la ule mgando wa njano wa chini, la Kiha, yeye amelisahau. Bibi yako alikuwa anauitaje? Niandikie hapo chini, na jina lake mwenyewe pia kama familia inaruhusu.