Waliohamishwa na Shaba: Katanga na Hesabu ya Siku ya Mwisho

Mtu anapoitwa na kampuni kubwa akafanye kazi katika mkoa mwingine au nchi nyingine, hupiga hesabu ya mshahara, nauli, nyumba na shule za watoto. Ni hesabu ya haki, lakini aghalabu huishia siku ya kuwasili. Siku ya kuondoka haimo. Katika eneo letu hakuna mahali panapofundisha gharama ya kasoro hiyo kama Katanga, kusini mwa Kongo. Huko, kwa karibu karne nzima, Union Minière du Haut-Katanga na mrithi wake Gécamines walihamisha watu kwa maelfu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi, Kasai na kwingineko, wakawapa kazi, nyumba, chakula, hospitali na shule. Hoja yangu ni kwamba ukarimu huo, ambao ulikuwa wa kweli, ndio uliowaacha wahamiaji mikono mitupu. Kadiri mambo mengi ya maisha yao yalivyotolewa na mwajiri mmoja, ndivyo yalivyokuwa machache ambayo wangeweza kuyaita yao.

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi kuanzia 1966, mwaka 1910, na uyeyushaji wa shaba ukaanza mwaka uliofuata. Madini yalikuwa tele, ila wakazi wa maeneo yale walikuwa wachache na walikuwa na mashamba yao. Kwa hiyo mwaka huohuo wa 1910 ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga, shirika la kutafuta vibarua vijijini, huku kampuni ya Robert Williams ikiwaajiri watu wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mikataba ilikuwa ya miezi michache. Wanaume walikuja bila wake zao, wakalazwa kwa msongamano, wakaugua homa ya matumbo, kuhara damu na nimonia. Waliokufa walikuwa wengi, na waliotoroka walikuwa wengi vilevile. Nyuma ya wakala wa ajira palikuwa na kodi iliyotakiwa kwa fedha taslimu, na chifu aliyeshurutishwa na serikali atoe vijana.

Kuanzia mwaka 1925 kampuni iligeukia Ruanda-Urundi, nchi zilizokuwa chini ya Ubelgiji kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Safari yenyewe inaeleza ukubwa wa jambo hili: meli kutoka Usumbura kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Albertville, reli hadi Kabalo, meli tena kupanda mto Lualaba hadi Bukama, kisha reli hadi migodini. Watu waliozoea baridi ya milimani, maharage, mtama na ndizi walijikuta katika joto na vumbi, wakila unga wa mahindi. Kampuni iliwapa muda wa kuzoea kabla ya kuwatuma kazini, na hata hivyo maradhi yaliwaua kwa kiwango kilichowatia wasiwasi madaktari wa kampuni yenyewe. Baada ya miaka michache uajiri ule ulikoma.

Wakati huohuo yakafanyika mageuzi yaliyoipa Katanga sifa yake. Kuanzia mwaka 1928 hivi, Union Minière iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikaanza kutafuta wafanyakazi wa kukaa. Sababu zilikuwa za mfukoni. Kumsafirisha mtu mpya kila baada ya miezi michache kuligharimu sana, hasa alipokufa au kutoroka kabla ya kurudisha gharama hiyo. Tume ya serikali ya mwaka 1924 na 1925 ilikwisha kuonya kwamba vijiji vinamalizwa nguvu kazi. Na ng'ambo ya mpaka migodi mipya ya Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa inafunguliwa, ikihitaji watu walewale. Mkataba ukawa wa miaka mitatu. Mwanamume aliyeoa alipendelewa kuliko mseja. Mke alipata posho yake, na kila mtoto yake. Vijana walisaidiwa hata kulipa mahari. Zahanati za wajawazito zikajengwa, watoto wachanga wakapimwa uzito, wamisionari Wabenediktini wakaendesha shule za kambi, na vijana wa kiume wakafunzwa ufundi ili siku moja washike nafasi za baba zao. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa waliosimamia sera hii, aliieleza kwa fahari katika kitabu alichokichapisha mwaka 1946. Vifo vilishuka, watoto wakazaliwa kambini, na mji ukapata wenyeji wake wa kwanza. Lakini tazama jinsi mambo yalivyopangwa: nyumba, chakula, matibabu, shule, hata ndoa, vyote vilitundikwa kwenye msumari mmoja, nao ni mkataba wa kazi wa mwanamume mmoja.

Msumari ule haukukawia kujaribiwa. Bei ya shaba ilipoanguka baada ya mwaka 1929, Union Minière ilipunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake Waafrika katika muda wa miaka miwili au mitatu. Wale waliokuwa wameambiwa waje na wake zao wakae, walitakiwa kuondoka. Serikali ya kikoloni haikutaka watu wasio na kazi mjini, ikawarudisha vijijini, kwenye mashamba ambayo wengine walikuwa wameyaacha kwa miaka. Sera ya kuwakalisha watu ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano. Mkataba ulihusu muda wa kazi, si maisha baada ya kazi. Miaka kumi baadaye, Desemba 1941, wakati gharama za vita zimepandisha bei na mishahara imebaki palepale, wafanyakazi waligoma. Katika uwanja wa mpira wa Élisabethville askari waliwafyatulia risasi, na miongoni mwa waliouawa alikuwa Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake. Kwa nini watu waliopewa nyumba na posho wadai fedha mkononi kwa gharama ya roho zao? Kwa sababu fedha ilikuwa sehemu pekee ya malipo waliyoweza kuondoka nayo.

Hapa kuna pingamizi ninaloliheshimu. Wapo watakaosema kwamba familia hizi zilinufaika kuliko ndugu zao waliobaki vijijini: watoto wao walisoma, wagonjwa walitibiwa, na wazee wa Lubumbashi huzikumbuka enzi za Union Minière kwa upendo, wakisema kampuni ilikuwa baba na mama. Kumbukumbu hiyo ni ushahidi, na mwanahistoria asiifute kwa sababu haiafiki hoja yake. Lakini waliosema hivyo walikuwa wanataja pia hali ya utegemezi: baba na mama wakifa, wanaobaki ni yatima, na ndivyo wengi wao walivyojieleza baadaye. Aidha, ukichunguza faida zilizodumu, utaona ni zile ambazo kampuni haikuweza kuzichukua tena. Elimu ilibaki kichwani. Vyama vya kusaidiana vya watu wa asili moja vilibaki. Kiswahili cha Katanga, ambacho kampuni na wamisionari walikitumia kwa sababu zao wenyewe, kikawa lugha ya mama ya watoto ambao wazazi wao walikuja na Kiluba, Kibemba au Kinyarwanda. Mwaka 1965 kikundi cha waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini humo kilitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili hicho, iliyoandikwa na André Yav na inayojulikana kama Vocabulaire ya Élisabethville. Nadhani inastahili kusomwa kuliko ripoti nyingi za wakurugenzi.

Uhuru haukubadilisha mpango. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na shirika la taifa lililokuja kuitwa Gécamines likarithi kambi, hospitali, shule na desturi za kumlea mfanyakazi. Katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000 na lilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mitambo ilizeeka, mapato yalifyonzwa na utawala wa Rais Mobutu, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikakawia kwa miezi, kisha kwa miaka.

Ndipo lilipodhihirika jambo ambalo mwajiri hawezi kulitoa: haki ya kuhesabiwa mwenyeji. Watu wa Kasai walikuwa wamekuja Katanga kwa wingi, hasa baada ya reli ya kampuni ya BCK kuiunganisha mikoa hiyo miwili mwaka 1928, wakawa makarani, mafundi na wafanyakazi wa reli. Mwezi Agosti 1992 Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, alipochaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa, wanasiasa wa Katanga akiwemo gavana Kyungu wa Kumwanza waliwageuza Wakasai kuwa adui. Walianza kufukuzwa Likasi mwaka huo, kisha Kolwezi mwaka 1993. Watu laki kadhaa walilazimika kuyahama makazi yao. Wengi waliishi kwa wiki na miezi kwenye vituo vya reli wakisubiri treni ya kwenda Kasai, na wengi walifia hapo au njiani. Miongoni mwao walikuwamo waliozaliwa Katanga, ambao Kasai waliisikia kwa wazazi tu. Kazi ya miongo haikuwapa uenyeji, na nyumba ya kampuni haikuwa hoja mbele ya kijana mwenye panga.

Wengine watasema ninalinganisha visivyolingana: kule palikuwa na ukoloni, kodi na chifu, ilhali leo mtu huisoma barua ya ajira, hujadiliana na anaweza kukataa. Tofauti hiyo ni kubwa, nami siipunguzi. Ila wafanyakazi wa Gécamines wa mwaka 1980 hawakushurutishwa na chifu. Walikuwa na mkataba, chama cha wafanyakazi na cheo, na waliomba wenyewe watoto wao waajiriwe palepale. Kilichowaponza ni ule mpangilio wa kuweka kila kitu chini ya mwajiri mmoja, na mpangilio huo haukuondoka na Wabelgiji. Unaonekana leo popote ambapo nyumba, bima ya afya, ada ya shule na kibali cha ukaazi vyote hufa pamoja na kazi, kama ilivyo kwa wengi wa jamaa zetu walioko nchi za Ghuba.

Pingamizi jingine ni kwamba kila kazi huisha, na hakuna mwajiri anayeweza kudhamini maisha. Sawa, lakini Katanga yenyewe inaonyesha kwamba watu hawakuanguka kwa kiwango kimoja. Mishahara ilipokatika, familia nyingi ziliokolewa na mashamba kandokando ya miji na biashara ndogondogo za wanawake. Ni wanawake walewale ambao kwa miongo kadhaa vituo vya kijamii vya kampuni viliwafundisha kushona na kutunza nyumba, kwa imani kwamba posho ya mume inatosha. Kipato ambacho kampuni haikukitaka ndicho kilicholisha watoto. Aliyekuwa na kiwanja chake, ufundi unaouzika nje ya mgodi au mke mwenye genge sokoni alikuwa na pa kusimama.

Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakapewa malipo ya mkupuo baada ya kukaa muda mrefu bila mshahara. Siku ya kuondoka, isiyokuwamo katika hesabu ya kuwasili, ilikuwa imefika. Kwa hiyo namsihi msomaji aliye na barua ya kuhamia mbali mezani mwake, kabla ya kutia saini, aulize waziwazi na apate jibu kwa maandishi: nyumba itakuwa ya nani kazi ikiisha, akiba ya uzeeni inawekwa wapi na kwa jina la nani, mwenzi wake ataruhusiwa kufanya kazi, na nani atalipa nauli ya kurudi.