Mgodi Ukifungwa: Mafunzo ya Sekenke na Kongwa

Tunapojadili mustakabali wa mji uliozaliwa na mgodi, ni kosa kuanzia siku mgodi unapofungwa. Hatima ya mji huo huamuliwa siku mgodi unapofunguliwa: nani anaumiliki, nini kinajengwa, na kwa faida ya nani. Uwanda wa kati wa nchi yetu unao ushahidi wa kutosha.

Sekenke, wilayani Iramba, Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916, walipobanwa na majeshi ya Waingereza na Wabelgiji, na fedha kutoka kwao hazifiki tena, waliipeleka dhahabu hiyo Tabora. Huko, katika karakana ya reli, wakapiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo sarafu hizo hugombewa minadani Ulaya. Jasho la mpasua mwamba halimo katika bei. Waingereza nao walichimba, na ilipofika miaka ya 1960 mgodi mkubwa ulikuwa umekwisha fungwa. Lakini dhahabu haikuisha. Kilichokwisha ni faida ya mwenye mtaji. Wachimbaji wadogo wanachimba Sekenke hadi leo.

Kongwa, mkoani Dodoma, haikuwa na mgodi, ila iliendeshwa kama mgodi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha huko kilimo cha karanga ili kupata mafuta ya kula kwa ajili ya watu wake. Matrekta yalivunjika katika ardhi ambayo jua likiipiga huwa ngumu kama saruji. Mkulima wa Kigogo, aliyeijua mvua ya kwao na uhaba wake, hakuulizwa. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, baada ya kuteketeza kiasi cha pauni milioni 36, na baadaye reli ya tawi kutoka Msagali iking'olewa. Ulibaki mji wenye majengo usio na kazi.

Uhai wa pili wa Kongwa haukuletwa na soko. Uliletwa na uamuzi wa kisiasa. Tangu mwaka 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO, na baadaye wa ANC, SWAPO na vyama vingine, walipewa kambi hapo. Ardhi ya karanga nayo ikawa ranchi ya Taifa.

Huko Nzega, mgodi wa Golden Pride ulipomaliza kazi katika miaka ya 2010, majengo yake yalikabidhiwa Serikali kwa matumizi ya Chuo cha Madini cha Dodoma. Ni hatua mbele kuliko Sekenke, tukiri. Hata hivyo chuo humwandaa kijana kwenda kuchimba kwingine. Mama lishe aliyewapikia wafanyakazi wa mgodi hakumjibu.

Mwaka 2023 mgodi mwingine ulianza kutoa dhahabu Mang'onyi, wilayani Ikungi. Makada wa huko waulize sasa, mitambo ikiwa bado inanguruma: maji, umeme na barabara ya mgodi vitabaki mikononi mwa nani, na vitafika kijiji gani?