Bei Kabla ya Mzigo

“Mdogo wangu, hiyo bei ya Dar hiyo,” aliniambia mtu mmoja kwenye simu mwaka juzi. Alikuwa na ripoti ya kurasa 40 ya kutafsiriwa kutoka Kiingereza. Nilikuwa nimetaja bei yangu sekunde chache tu nyuma, na kabla hajaomba punguzo nikaishusha mwenyewe kwa theluthi. Kazi ilinichukua siku tisa. Malipo yalikuja baada ya miezi minne.

Tuko wengi hapa Chamwino tunaoishi kwa kazi za kujitegemea: wapiga picha, wabuni wa nembo, wafasiri, madereva deiwaka. Serikali imehamia Dodoma, Ikulu mpya ikazinduliwa hapa Mei 2023, na watu wanasema soko limetufuata. Lakini watu waliokuwa wakitaja bei ya nguvu zao walipita hapa zamani sana. Shuleni tuliwasoma kwa haraka, katika ile orodha ya pembe, watumwa, Tabora na Ujiji. Majina yao hayakuwemo.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, yaani maji makali, kisha ikaingia Mvumi, ambayo leo iko ndani ya wilaya yetu. Nyika hiyo ilikuwa na upana wa maili 30 hivi, bila maji ya kutegemea. Stanley aliivuka Mei 1871 akiwa na homa, na alipofika Mvumi akakuta kila kitu kina bei: maji, nafaka, na hongo ya kupita. Alilalamika sana. Mimi ninapomsoma huwa upande wa wenye visima.

Ila walionivutia zaidi ni wapagazi wake. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, kama kilo 32, mbali na mkeka wake na chungu chake. Alipatana bei pwani kabla ya kuunyanyua, akapokea sehemu ya malipo, mara nyingi kwa nguo, na posho ilihesabiwa peke yake. Wanyamwezi, waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo, walikuwa na mashamba kwao. Msimu wa kulima ulipokaribia walitaka kuwa nyumbani, na mfanyabiashara aliyehitaji watu wakati huo alijikuna kichwa. Hilo shamba ndilo lililowapa kauli. Mtu ambaye mtama wake unamngoja Unyamwezi anaweza kumwambia tajiri wa Bagamoyo hapana.

Vitabu vya Burton, Speke na Stanley vimejaa manung’uniko: wapagazi wamegoma, wametua mizigo, wamedai posho, wametoroka. Safari ya Speke na Grant ya 1860 ilipoteza wapagazi wengi kabla ya kufika Tabora. Wazungu waliita uvivu na hila. Ukigeuza ukurasa upande wa pili, unaona mazungumzo ya bei yaliyoendelea njia nzima, na mwenye shehena akijua kwamba marobota yake hayana miguu.

Sitaki kuipamba. Viboko vilikuwepo, ndui ilikuwepo, na wagonjwa waliachwa njiani. Baadhi ya wabebaji wa pwani walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao iliishia kwa bwana.

Yuko mmoja ambaye jina lake lilibaki, Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, aliuzwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa India, akarudi akiwa huru. Mwaka 1857 alisafiri na Burton na Speke, 1860 na Speke na Grant, 1871 na Stanley, 1873 na Cameron. Mara zote nne njia ilikatiza Ugogo. Speke alimsifu kwa maandishi, na sifa ile ikamletea mteja baada ya mteja, kama ambavyo sisi tunaomba mteja mmoja atutaje kwa mwingine. Stanley alimpiga, na bado miaka miwili baadaye Bombay alikuwa kazini na mwingine. Mwaka 1876 Royal Geographical Society ikampa pensheni. Nadhani ndiye deiwaka pekee wa zama zile aliyestaafu kwa pensheni!

Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Dodoma 1910 na Tabora 1912. Behewa halidai posho. Mpagazi wa safari ndefu akabaki bila mteja katika njia hii, lakini mgongo wake ulihitajika tena haraka kuliko alivyodhani. Vita vilipokuja, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza, waliotwaa Dodoma Julai 1916, yalichukua ng’ombe wa Wagogo, nafaka yao na wanaume wao wa kubeba mizigo. Safari hii hakuna aliyeulizwa bei yake. Mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliita Mtunya, na maofisa wa Kiingereza walikadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma yenye watu 150,000 walikufa 30,000.

Bibi yangu alizaliwa miaka mingi baada ya hapo, lakini neno hilo alilitamka kwa sauti ya chini, kama jina la mtu aliye chumba cha pili. Alikuwa na tabia iliyotuchosha sisi wajukuu: hakuuza uwele wa mwisho ghalani hata bei ipande vipi. Nilidhani ni ubahili.

Yule wa kurasa 40 alinitafuta tena Julai. Sasa zilikuwa kurasa 60. Kodi yangu ilikuwa imelipwa hadi Septemba na magunia mawili ya uwele yalikuwa yameegemea ukuta. Nikataja bei ileile ya kwanza, nusu ilipwe kabla sijaanza, kisha nikanyamaza. Nikasikia kalamu ikigongagonga meza upande wa pili. Akasema atanipigia kesho.