Perege wa Rufiji na wa Wami: samaki mmoja au wawili?

Ukinunua samaki Kibiti au Ikwiriri, muuzaji atakwambia perege, basi. Ila perege wa asili wa mto Rufiji ana jina lake la kitaalamu, Oreochromis urolepis, na ubishi kuhusu ukoo wake haujaisha.

Jina la urolepis alipewa mwaka 1922 na Mwingereza J. R. Norman, kutokana na maneno ya Kigiriki ya mkia na gamba. Jike hutamia mayai mdomoni, na dume akiwa tayari kuzaa hugeuka mweusi.

Utata uliletwa na ndugu yake wa mto Wami. Samaki wa aina hiyo walitolewa Zanzibar wakapelekwa Malacca, Malaysia. Huko mtaalamu C. F. Hickling alipandisha madume wa Zanzibar na majike wa perege wa Msumbiji, na mwaka 1960 akaandika kuwa watoto walitoka madume watupu! Kwa mfugaji hiyo ni dili: dume hukua haraka, na bwawa halijai vitoto.

Mwaka 1966 Ethelwynn Trewavas wa Uingereza akamtangaza samaki huyo kuwa spishi mpya, hornorum. Mwaka 1983 mama huyohuyo akamshusha: si spishi, ni tawi tu la urolepis. Wapo wanaofuata hivyo mpaka leo, na wapo wasioona hata haja ya tawi.

Jambo hili si la maabara peke yake. Kama ni wawili, kubeba vifaranga vya Wami na kuvimwaga Rufiji ni kuchanganya damu. Na mafuriko yakija, mto huungana na maziwa kama Ruwe na Zumbi, kwa hiyo samaki aliyetoroka bwawani anafika popote.

Mgeni anayetisha zaidi ni sato. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mashariki mwa Tanzania samaki wa kuletwa wamezaa chotara na perege wa asili. Yaani ubishi wa jina unaweza kumkuta mwenye jina hayupo tena.

Unataka kuwatofautisha sokoni? Tazama mkia. Sato ana mistari iliyosimama, imepangika vizuri mkia mzima. Urolepis hana mpangilio huo. Kwa chotara, hata mvuvi mzoefu anaweza kukosea.