Mwenyeji na Mgeni Wake: Nairobi, Baden-Baden na Olimpiki ya 1968

Neno mwenyeji lina maana mbili. Ni mkazi wa asili wa mahali, na pia ni yule ampokeaye mgeni. Lugha haikuzitenga, kwani kimila apokeaye ndiye mwenye mji. Waandishi wengi wa historia ya michezo hushika maana ya pili tu, wakahesabu viwanja na gharama. Tukio la mwaka 1963 ladai tuitazame na ile ya kwanza.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa imepanga kukutana Nairobi mwezi wa Oktoba mwaka huo. Kenya ilikwisha kupata serikali ya madaraka tarehe 1 Juni. Uhuru kamili ulikuwa bado hadi tarehe 12 Desemba. Hata hivyo, serikali hiyo changa ilikataa kuwapokea wajumbe wa Afrika Kusini, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Avery Brundage, rais wa Kamati, alishikilia daima kwamba michezo na siasa havichanganyiki. Mkutano ukahamishiwa Baden-Baden, Ujerumani Magharibi (na uhamisho huo, bila shaka, tuambiwe haukuwa siasa).

Kwa hesabu ya viwanja Kenya ilipoteza. Lakini hoja iliyozuka Nairobi iliwafuata wajumbe hadi Baden-Baden. Huko Afrika Kusini ilitakiwa iukane ubaguzi katika michezo. Haikuridhisha, na Januari 1964, mjini Innsbruck, mwaliko wake wa kwenda Tokyo ukaondolewa. Huko huko Baden-Baden ndiko jiji la Mexico lilikopewa michezo ya 1968, kwa kura 30 dhidi ya 14 za Detroit, 12 za Lyon na 2 za Buenos Aires.

Februari 1968 Kamati iliirudisha Afrika Kusini. Nchi za Afrika zikatishia kususia, na mwenyeji aliyekwisha kujenga viwanja akaona hatari ya kubaki na viwanja bila wageni. Aprili mwaliko ukafutwa tena. Kwa maoni yangu, Nairobi ilikuwa na nguvu kwa kuwa ilikuwa radhi kumkosa mgeni. Mexico haikuwa radhi. Tarehe 2 Oktoba majeshi ya serikali yaliwafyatulia risasi wanafunzi waliokusanyika Tlatelolco. Tarehe 12 michezo ikafunguliwa vivyo hivyo: wageni walikaribishwa huku wenyeji, kwa ile maana ya kwanza, wakiomboleza. Kesho yake Naftali Temu akaipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu, katika mbio za mita 10,000.